Naomba ushauri: mapambo ya sikukuu ya kutengeneza nyumbani, yasiyodondoka kila asubuhi

Mama Wawili
Habari zenu wadau. Sikukuu hiyooo inakuja, na safari hii sinunui pambo hata moja. Nina sebule ya kawaida yenye madirisha mawili na watoto wawili, wa miaka 4 na wa miaka 9, wanaotaka kushika kila kitu. Vifaa vilivyopo: karatasi za A4 za rangi, maboksi matupu, unga wa ngano, chumvi, uzi wa kushonea, stepla na gundi nyeupe ya mbao. Oveni pia ipo.

Natafuta vitu viwili vitatu vilivyotulia, maana sitaki sebule ifanane na darasa la chekechea. Halafu hayo ya karatasi mnayaning'inizaje? Hujikunja baada ya siku chache, na selotepu ikitoka inaondoka na rangi ya ukuta. Tena nasikia kuna mapambo ya unga na chumvi. Yanatengenezwaje, na yanafika mwakani? Tafadhali msinielekeze kwenye video za dakika moja. Huko kila kitu kinakauka papo hapo.

Fundi Mkasi
Dada, usiguse mkasi kabla hujaamua rangi. Rangi mbili zinatosha, zikizidi sana tatu. Kinachofanya mapambo ya nyumbani yaonekane ya kitoto ni ule mchanganyiko: nyota moja nyekundu hapa, ua moja la bluu pale, na mnyororo wenye kila rangi iliyokuwemo kwenye pakiti. Chukua umbo moja, litengeneze ishirini, yatundike dirishani kwa urefu tofauti. Nyota moja iliyokatwa ovyo inaonekana imekatwa ovyo. Zikiwa ishirini, hakuna atakayekagua moja moja.

Mnyororo wa karatasi nao usiudharau. A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Ikate kufuata upande mfupi, vipande vya upana wa sentimita 2.5, utapata 11 kwa karatasi moja. Karatasi nne zinakupa pete 44, na ukishautundika unafika mita 3 hivi, kutegemea pete zinavyovutika. Funga kwa stepla, pini moja kila pete. Gundi ya maji hulowesha karatasi nyembamba ikajikunja, na hapo ndipo malalamiko yako yanapoanzia.

Sindano na Uzi
Namuunga mkono Fundi. Naongezea nyota ya ncha sita, maana watu wengi hukunja vibaya wakapata ya ncha nane.

Anza na mraba. Kunja kona kwa kona upate pembetatu. Tafuta katikati ya ule upande mrefu. Hapo ndipo pembe zote zitakapoanzia. Kunja upande wa kulia kuja kushoto, kisha wa kushoto uje juu yake, sehemu tatu ziwe sawasawa. Kila sehemu ni nyuzi 60. Kunja tena katikati upate kipande chembamba, halafu kata mshazari kwa mkato mmoja. Mshazari mkali unatoa ncha ndefu, wa kulala unatoa nyota nene. Ukitaka matundu, kata vipembe vidogo pembeni kwenye mikunjo, ila usikate mkunjo wote kutoka mwanzo hadi mwisho, nyota itaachana.

Wakati huo mkasi unapita tabaka 12, kwa hiyo tumia karatasi nyembamba. Manila itakupasukia kwenye mikunjo. Ukishaifungua, ilaze ndani ya kitabu kizito usiku kucha.

Kuhusu ukuta, achana nao kabisa. Funga uzi mmoja mrefu kwenye bomba la pazia, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila pambo lining'inie kwenye uzi huo. Zinazopenda kujikunja, kata mbili zinazolingana uzigandishe mgongo kwa mgongo, uzi ukiwa katikati. Huku ikivuta kulia, mwenzake anavuta kushoto, basi pambo linabaki limenyooka.

Mzee wa Unga
Hapo kwenye unga na chumvi niachieni mimi.

Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, maji kikombe 1 pungufu kidogo. Changanya vikavu kwanza, kisha maji yaingie kidogo kidogo, maana unga hautofautiani tu kwa jina, hata unywaji wake wa maji ni tofauti. Kanda dakika 5 hadi 10 mpaka donge liache kunata vidoleni. Likipasuka pembeni unapolibonyeza, ongeza tone la maji. Likinata, ongeza unga. Chumvi ya mawe isage kwanza, la sivyo utaona vishimo. Na usitumie ule unga uliokwishachanganywa na baking pauda, nyota itaumuka iwe mto.

Sukuma unene wa nusu sentimita. Kata kwa mdomo wa glasi au kifuniko chochote. Tundu la uzi toboa kwa mrija SASA, likiwa bichi, sentimita 1 kutoka ukingoni. Likishakauka ukilitoboa linagawanyika vipande viwili.

Oveni iwe nyuzi 100 hadi 120, saa 2 mpaka 3, ugeuze katikati. Ukitaka haraka ukapandisha moto, unapata malengelenge na rangi ya kahawia. Kujua limekauka, ligonge kwa ukucha sehemu ya katikati. Likilia "ko!" limeiva, likilia "bu" lirudishe.

Kuhusu kufika mwakani: linafika, ila chumvi hunyonya unyevu wa hewa. Pambo lisilopakwa kitu huanza kutoa jasho, likalainika, likadondoka lenyewe kutoka kwenye uzi. Likipoa kabisa lipake vanishi mbele, nyuma, ukingoni, na ndani ya tundu. Watu wengi husahau nyuma. Sikukuu ikiisha, lifunge kwa karatasi na uliweke kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana.

Kipepeo
Maelezo mazuri Mzee, ila umesahau jambo moja: kama kuna mbwa nyumbani, hayo mapambo yakae juu asikofika, na donge bichi lisiachwe mezani. Chumvi iliyomo ni nyingi mno, mbwa akila inaweza hata kumuua. Na huyo wa miaka 4 asiachwe peke yake na donge hilo, watoto huonja.

Halafu Fundi, hapo kwenye rangi mbili sikubaliani nawe. Nyumba ina watoto. Ukimwambia mtoto wa miaka 9 kwamba zambarau yake haipatani na sebule, kesho hakusaidii. Dirisha moja liwe la mama, lingine lao, wabandike wanachotaka.

Fundi Mkasi
Dirisha la nyuma basi 😂

Kipepeo
La mbele!

Jirani Mwema
Kuna na mipira ya uzi. Puliza puto dogo, lipake mafuta ya kujipaka, loweka uzi kwenye gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo, zungushia kila upande, acha hadi kesho yake, kisha toboa puto ulitoe taratibu. Gundi ikiwa nyepesi mno mpira unanywea. Vipande vya puto viokote vyote, kwa mtoto mdogo vinaweza kukaba koo. Ndani weka taa ndogo ya betri, kamwe usiweke mshumaa.

Mama Wawili
Asanteni sana jamani. Dirisha la mbele limeshatwaliwa na wenye nyumba, sina sauti. Mzee wa Unga, swali: mdogo anataka kuyapaka rangi ya maji yale ya unga. Inafaa? Au haitashika?

Mzee wa Unga
Inashika, mama. Lakini apake kwenye pambo lililokauka kabisa na brashi isiwe inachuruzika, maana maji mengi yanalainisha uso wake. Acha likauke tena mpaka kesho yake ndipo uje na vanishi, na hiyo vanishi upake wewe, dirisha likiwa wazi. Usilisugue kwa brashi, rangi itatambaa. Ligusegusie tu.

Na kama unaogopa uchafu mezani, gawa donge mara mbili, tia rangi ya keki kwenye maji ya nusu moja kabla ya kukanda. Hapo yeye atabaki na kazi ya kukata tu.