Pleti namba ya mbele imebebwa na maji, nyingine naifungaje isitoke tena?

Babu Kijana wa Duga

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada kwa wanaojua haya mambo. Juzi ile mvua iliyonyesha usiku kucha nilikuwa natoka Muheza na familia, tumefika karibu na Kange hapa Tanga barabara yote maji, mbele yangu kuna Fuso limepita salama na mimi nikafuata, maji yakapanda mpaka kwenye bampa, nikasikia kitu kimegonga chini nikajua ni jiwe. Asubuhi naosha gari ndo naona pleti ya mbele haipo, imebaki ribiti moja (kile kipini cha kubania bati) na kipande kidogo cha bati kimechanika.

Gari ni Toyota IST, namba za njano, ya nyuma ipo vizuri. Mwanzo kabisa pleti zilifungwa na kijana mmoja tu pale nje siku natoa gari Dar, alitoboa bampa matundu manne akapiga ribiti dakika kumi kamaliza, sasa hivi kwenye yale matundu bampa lenyewe limepasuka nyufa mbili.

Naomba kujua naanzia wapi kupata nyingine, na je naweza kutembea na ya nyuma peke yake wakati nasubiri maana nampeleka mama kliniki hospitali ya Bombo kila wiki? Na kubwa zaidi nifunge vipi, sitaki tena habari ya ribiti.

Mtoto wa Chuda

Pole sana mkuu. Kutembea na moja usijaribu, trafiki akikusimamisha una kosa na huna cha kumwonyesha. Mama mpeleke na bajaji kwa wiki hii au azima gari kwa jirani.

Mama Nasri

Pole kaka. Kabla hujaenda kokote RUDI PALE KWENYE MAJI. Nasema hivi kwa sababu mimi yalinikuta masika ya mwaka juzi, nikalia nikaona nimeingia hasara, mume wangu akaniambia twende kwanza tukatazame, tumefika maji yameshapungua tukamkuta kijana wa bodaboda amezikusanya pleti tano kaziegemeza kwenye mti, yangu ya tatu. Maji yakikauka zinabaki kwenye tope pembeni ya mtaro, wauza machungwa na vijana wa boda ndo wanaziona wa kwanza. Waulize kwa upole, ukiipata mpe kijana soda yake.

Ukiikosa, siku hiyo hiyo nenda kituo cha polisi ukachukue losi ripoti, ile hati ya kitu kilichopotea, siku hizi hata kwa simu unaomba kwenye mfumo wao unalipia kwa kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali. Usikae nayo wiki ukisema nitaenda kesho. Pleti yako ikiokotwa na mtu mwenye nia mbaya akaifunga kwenye gari lingine akafanyia uhalifu, wa kwanza kugongewa mlango ni wewe, na kinachokutetea ni ile karatasi yenye tarehe. Hili naomba mlizingatie nyote sio yeye tu.

Ukiwa na losi ripoti ndo unaenda TRA (mamlaka ya mapato) na kadi ya gari na kitambulisho, wao ndo wanakuelekeza malipo na wapi zinatengenezwa. Usiende kwa wale wanaochonga vichochoroni bila kuuliza kadi hata kama ni bei nafuu. Na zile za 3D za kubandika herufi achana nazo kabisa, zimeshapigwa marufuku, utazing'oa barabarani.

Babu Kijana wa Duga

Ahsante sana mama Nasri, kesho alfajiri naenda pale. Ila hapo kwenye kadi umenitisha, kadi bado ina jina la aliyeniuzia, tuliandikishana tu kwa mwanasheria.

Mama Nasri

Basi hilo ndo la kwanza kulimaliza kaka yangu. Mtafute aliyekuuzia wakati bado anapokea simu zako mkahamishe umiliki. Watu wanakaa na kadi ya mtu miaka sita, likitokea jambo muuzaji kashahama au kafariki, warithi hawakujui, unabaki na gari ambalo kwa karatasi si lako.

Fundi Bampa Ngamiani

Salaam aleikum wadau. Nimechelewa kuiona hii ila kwenye kufunga ndo kazi yangu, naomba nieleze kwa urefu kidogo maana kila masika naletewa mabampa yamepasuka vilevile.

Ribiti yenyewe haina tatizo, tatizo ni pale inapopigwa. Ribiti ikivutwa inatanuka nyuma, ukiipiga bati kwa bati inashika vizuri sana, ila bampa la IST ni plastiki, ribiti inatanuka ndani ya plastiki inaanza kulipasua hapo hapo, kila ukipita kwenye matuta pleti inacheza tundu linapanuka, halafu unakuja kuingia kwenye maji na spidi. Maji hayana mchezo, yanaingia nyuma ya pleti yanaisukuma kama tanga la ngalawa. Kama nyuma ya ribiti kungekuwa na washa pana (ile pete bapa) ungeokoka, ila wengi hawaweki maana inabidi kuingiza mkono nyuma ya bampa na hiyo inakula muda.

Kuna kitu kingine watu hawakijui. Haya magari yetu kutoka Japani yalikuja na sehemu ya pleti yao, ile fupi ya milimita 330 kwa 165, na matundu mawili juu yaliyoachana sentimita 21. Matundu yale tayari yana nyuzi za bolti ya M6 (unene milimita sita), ile ya kufungua na spana kumi. Pleti yetu ya mbele ni ndefu na nyembamba, haikai sawa na yale matundu, kwa hiyo fundi mwenye haraka anaona bora atoboe bampa. Ninavyofanya mimi nakata bamba la alumini, nalifunga kwenye yale matundu mawili ya asili kwa bolti za M6, halafu pleti naifunga kwenye bamba kwa bolti na nati ya kujikaza, ile yenye nailoni ndani. Bampa hulitoboi hata tundu moja. Ukitaka kununua fremu ya plastiki ya dukani pia sawa, ila isiwe ile inayofunika maandishi, trafiki anataka aone namba yote.

Sasa wewe upo Tanga sio Dodoma, chumvi ya bahari haina huruma. Pleti ni alumini, ukiifunga na skrubu za chuma za kawaida mwaka haufiki kichwa cha skrubu kimekuwa mavi ya kutu, kutu inachuruzika juu ya namba, na alumini pale inapogusana na chuma inatoa unga mweupe inaliwa mpaka tundu linakuwa kubwa kuliko skrubu. Nunua bolti za stenlesi, ila hata stenlesi usiache iguse alumini moja kwa moja, weka washa ya plastiki au ya mpira mbele na nyuma. Mpira unasaidia pia pleti isigonge gonge. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi ili siku ya kufungua ifunguke.

Ile ribiti iliyobaki usiitoe kwa patasi utalimaliza bampa. Chukua drili na biti ya milimita tano, toboa katikati ya kichwa taratibu, kichwa kikitoka sukuma mkia ndani. Zile nyufa chomelea kwa plastiki kutokea nyuma kabla hujafanya lolote.

Dereva Makorora

Samahani mkuu naomba nidandie hapo hapo, mimi nataka gari langu niliingize kwenye biashara, nabadilisha tu pleti za njano niweke nyeupe?

Mama Nasri

Hapana, unaanza TRA kubadilisha matumizi ya gari kwenye kadi, pleti zinafuata zote mbili, halafu LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) kuomba leseni ya biashara ya usafirishaji. Ukibandika nyeupe mwenyewe kadi inasema jingine.

Babu Kijana wa Duga

Wakuu nimerudi na mrejesho. IMEPATIKANA. Mama Nasri Mungu akuzidishie, nimefika pale saa kumi na mbili asubuhi, mzee mmoja anauza kahawa ndo alikuwa ameiweka chini ya benchi lake pamoja na nyingine tatu, imepinda kona na imechanika tundu moja ila namba zote zinasomeka. Kukataa hela alikataa, nikanunua kahawa na kashata nikawanunulia na waliokuwepo. Zile tatu kasema zinabaki pale kwake, namba moja ni ya bajaji, kama kuna mtu humu alipita Kange usiku ule aende akaangalie.

Aliyeniuzia gari nimempigia, tunakutana Jumatatu TRA.

Fundi, kona iliyopinda naweza kuinyoosha kwa nyundo au nitaibandua rangi?

Fundi Bampa Ngamiani

Alhamdulillah. Nyundo ya chuma hapana. Ilaze kifudifudi juu ya ubao uliofunikwa na kanga, gonga kwa nyundo ya mpira au kipande cha mti kutokea nyuma, pole pole kuanzia pembeni. Lile tundu lililochanika usilitumie, na matundu mapya yapige mbali na herufi. Ukishafunga angalia na taa ya pleti ya nyuma kama inawaka, maji yakifika kwenye bampa mara nyingi na ile inaingia maji, ni kiglobu kidogo cha wati tano unachomoa kwa mkono.