Ikitangazwa hatari: kuondoka au kubaki ndani? Tulinganishe

Mlezi wa Watatu (mwanzisha mada)

Habari za jukwaa, wakuu.

Naomba tulijadili hili sasa, wakati hakuna king'ora kinacholia wala jirani anayegonga mlango usiku. Ikitangazwa hatari, iwe kimbunga, mafuriko, moto au gesi, familia iondoke au ijifungie ndani?

Ninaowatunza ni mama yangu, anayetumia mashine ya oksijeni, na watoto wawili. Nyumba ni ya matofali, ina ghorofa moja juu. Gari lipo. Naona njia nne: kuondoka mara tu tahadhari ya kwanza inapotoka, kusubiri amri ya serikali, kubaki na akiba ya chakula na maji, au kuhamia kwa ndugu anayekaa mahali pa juu, karibu karibu tu, hadi hali itulie.

Ninachoogopa ni kumtoa mama kitandani akafia njiani, na nyumba tuliyoikimbia ikabaki salama. Nyumba kutuzikia humo ndani nako naogopa vilevile. Mwenye uzoefu au elimu anisaidie kupima.

Nahodha Mstaafu

Ndugu Mlezi, umeweka hatari nne kwenye swali moja, na kila moja ina jibu lake. Kabla ya kuuliza nyumba ni imara kiasi gani, uliza kinachokuja kinauaje.

Upepo unaukwepa kwa kujificha, maji unayakimbia. Kimbunga cha upepo mtupu, nyumba ya matofali yenye paa lililofungwa barabara inaweza kuwahifadhi, mkikaa chumba cha ndani kisicho na madirisha. Kimbunga kikisukuma bahari hadi nchi kavu, uimara wa ukuta haukusaidii tena. New Orleans mwaka 2005, kuta za kuzuia maji zilipovunjika wakati wa kimbunga Katrina, kuna watu walipanda hadi darini wakanaswa humo kwa kukosa kitu cha kutobolea paa. Na katika jimbo la Louisiana karibu nusu ya waliokufa walikuwa na miaka 75 au zaidi. Hao ndio wenye miguu mizito ya kuondoka, na ndio tunaowaambia "tulia mama, yatapita".

Kuhusu gari usijidanganye. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 humwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huelesha gari dogo, na 60 hubeba magari mengi yakiwemo makubwa. Kwa hiyo mpango wa "tutaondoka tukiyaona maji mlangoni" utakuulia watu barabarani. Kwa mafuriko, kama barabara bado ni kavu, ondoka. Kama imeshafunikwa, panda ghorofani ukae.

Kwa wa pwani: ardhi ikitetemeka kwa muda mrefu, au bahari ikirudi nyuma ghafla, usingoje tangazo. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilikuwa karibu kabisa na kitovu cha tetemeko la tarehe 26 Desemba 2004. Kati ya watu wapatao 78,000 walikufa 7 tu, kwa sababu wazee walikuwa wamewarithisha watoto habari za tsunami ya mwaka 1907: dunia ikitikisika, mbio mlimani.

Mti Mkavu

Mimi nipo upande wa kubaki, na naomba nisikilizwe kabla ya kupingwa.

Kuondoka nako kunaua. Mwaka 2005, wiki chache tu baada ya Katrina, kimbunga Rita kiliwatia hofu wakazi wa Houston na maeneo jirani. Mamilioni waliingia barabarani kwa wakati mmoja. Foleni zikasimama saa nyingi juani, mafuta yakaisha, wagonjwa wakazidiwa ndani ya magari. Zaidi ya watu 100 walikufa kutokana na safari yenyewe. Basi moja lililobeba wazee wa makao ya kulea wazee lilishika moto karibu na Dallas wakafa 23, na mitungi yao ya oksijeni iliuchochea moto ule. Mlezi, nimekutajia hili kwa sababu ya mama yako.

Japani nako, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima mwaka 2011, wagonjwa wa hospitali na wazee walipakiwa kwenye mabasi kwa haraka, bila wauguzi wa kutosha, wengine wakafia njiani au muda mfupi baada ya kufika. Mkoa wa Fukushima ulikuja kuorodhesha vifo zaidi ya 2,000 vilivyotokana na athari za maafa na maisha ya ukimbizini, mbali na waliouawa na tsunami na tetemeko lenyewe. Wanaosema "ondoka tu, kuliko kujuta" wasome hayo.

Mzimamoto

Mti Mkavu, mifano yako ni ya kweli na inauma. Lakini naomba uitazame tena. Karibu yote ni ya watu walioondoka kwa pamoja, kwa pupa, bila maandalizi. Haithibitishi kwamba kubaki ni salama.

Nizungumzie moto, ndiyo kazi yangu. Moto wa msituni una jibu kali kuliko hatari zote. Australia kwa miaka mingi waliwaambia wananchi: jiandae ubaki uipiganie nyumba yako, au ondoka mapema. Msingi wake ulikuwa wa maana, kwani mwaka 1983, katika mioto ya Jumatano ya Majivu iliyoua watu 75, baadhi walikufa wakiwa wanakimbia dakika za mwisho. Ndipo ikaja tarehe 7 Februari 2009. Moto ulikuwa mkali kupita makadirio, watu 173 wakafa, na wengi walikutwa ndani ya nyumba au karibu nazo. Baada ya uchunguzi wa tume, viwango vya hatari vikaongezewa daraja la juu kabisa, na ushauri wa siku ya daraja hilo ni mmoja: uwe umeshaondoka kabla moto haujaanza.

Ila nako "ondoka" bila saa haitoshi. Mji wa Paradise, California, tarehe 8 Novemba 2018, moto ulifika asubuhi, barabara za kutokea zikajaa magari, wakafa watu 85. Ndiyo maana kwangu mimi ulinganisho wa kweli una njia tatu: kuondoka mapema, kubaki ukiwa umejiandaa, na kuondoka umechelewa. Ya tatu ndiyo inayoua kuliko zote mbili, na hakuna anayeichagua. Watu huiangukia kwa kusubiri.

Kwa wanaokaa maghorofani ni kitabu kingine. Jengo likiwa limejengwa sawasawa, moto wa nyumba moja hukaa humo humo, na aliye mbali akifunga mlango wake huwa salama kuliko kushuka ngazi zenye moshi. Ushauri huo ndio waliopewa wakazi wa Grenfell, London, tarehe 14 Juni 2017. Lakini mabamba yaliyofunika kuta kwa nje yalikuwa yanashika moto, ukapanda hadi juu, na ushauri wa kubaki ukafutwa karibu saa 8:47 usiku, wakati moto ulikuwa umeanza kabla ya saa 7. Walikufa 72. Kwa hiyo ukiona moshi unaingia kwako, au moto unapanda kwa nje, ushauri wa kubaki umekwisha hata kama aliye kwenye simu bado anausema. Gusa mlango kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, usiufungue. Lifti usiiguse kabisa.

Mlezi wa Watatu

Asante, naanza kuona. Swali: nikisubiri amri rasmi je? Wao wana vifaa na wataalamu, mimi nina redio na simu tu.

Mwalimu wa Jiografia

Amri itii ikitoka. Lakini isiwe ndiyo mwanzo wa mpango wako.

Armero, Kolombia, 13 Novemba 1985. Volkano ya Nevado del Ruiz ililipuka usiku, joto likayeyusha barafu ya kileleni, tope likashuka mabondeni. Ramani ya hatari iliyouonyesha mji ule ilikuwa imeshachorwa wiki kadhaa nyuma. Jioni ile wakazi walitulizwa, wakaambiwa wakae ndani. Tope lilichukua zaidi ya saa mbili kufika, na sehemu za juu zilikuwa karibu, za kwenda kwa miguu. Walikufa watu wapatao 23,000. Kila nikifundisha somo hilo hukaa kimya kidogo mbele ya wanafunzi.

Sasa tazama upande wa pili. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo, Kongo, ililipuka, na siku tano baadaye, tarehe 27, serikali iliamuru sehemu kubwa ya Goma ihame kwa hofu ya mlipuko mwingine, labda hata chini ya Ziwa Kivu. Watu wapatao laki nne waliondoka, wengi kwa miguu kuelekea Sake. Mlipuko wa pili haukuja. Walilala nje, maji safi yalikuwa shida, na wengine walisema wamesumbuliwa bure. Sikubaliani nao. Uamuzi unapimwa kwa yaliyojulikana siku ile.

Mti Mkavu

Mwalimu, hapo nakuelewa. Ila anayehamishwa bure mara kadhaa, safari inayofuata hatasikia. Hilo nalo ni hatari, na viongozi hawalihesabu.

Mwalimu wa Jiografia

Kweli kabisa. Ndiyo maana njia ya nne ya Mlezi, kwenda kwa ndugu aliye juu, naipenda kuliko zote. Ni fupi na haimchoshi mtu. Hata akiifanya bure, hasara ni usiku mmoja wa kulala ugenini.

Fundi wa Maabara

Mmesahau gesi, na kwenye gesi mambo yanageuka.

Lori au treni yenye klorini ikipinduka, wingu likiwa limeshafika mtaani kwenu, kutoka nje kukimbia ni kulifuata. Ingia ndani, funga madirisha, zima feni na kiyoyozi, kaa chumba chenye matundu machache, ziba chini ya mlango kwa taulo lililoloweshwa na nyufa kwa utepe wa gundi. Klorini ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini, kwa hiyo ghorofa ya juu ni bora kuliko ya chini. Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya sumu ilipovuja kiwandani, maelfu walikimbia barabarani ndani ya wingu lenyewe, na anayekimbia huvuta pumzi nyingi zaidi. Hawakuwa wameambiwa la kufanya.

Ukiwa mbali na wingu halijakufikia, ondoka, lakini kwa kukata upepo kwa ubavu, usikimbilie unakoelekea. Na kujifungia hivi ni kwa saa chache. Wakitangaza wingu limepita, fungua madirisha yote utoke nje upate hewa.

Muuguzi wa Zamu

Mlezi, nizungumze na wewe kuhusu mama.

Kwako kinachoamua ni umeme kabla ya maji au upepo. Mashine ya oksijeni bila umeme ni sanduku tu. Muulize daktari wake leo: mama anavumilia muda gani bila mashine, na mtungi wa akiba unatosha saa ngapi kwa kiwango anachotumia. Toa katika saa hizo muda wa kumvalisha, kumshusha ngazi na safari yenyewe, ukiongeza foleni. Kinachobaki ndicho kipimo chako. Tahadhari ikisema umeme unaweza kukatika muda mrefu kuliko hapo, mama anaondoka, hata kama nyumba itasimama miaka mia.

Mtungi ndani ya gari ufungwe usiviringike, usikae juani, na asivute mtu sigara. Dawa za wiki mbili, nakala ya maelezo ya ugonjwa, miwani, betri ya simu. Piga simu kituoni kabla hujaondoka uwaulize kama wana umeme wa uhakika, kwa sababu vituo vingi vya hifadhi ni ukumbi wenye mikeka.

Na mnaobaki na jenereta: lisiwashwe ndani, wala kwenye baraza, wala gereji yenye mlango wazi. Liwe umbali wa mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, moshi ukielekea mbali na madirisha. Gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo haina harufu. Kimbunga Laura mwaka 2020, watu waliokufa Louisiana kwa gesi ya jenereta ni wengi kuliko waliochukuliwa na bahari. Walikuwa wamenusurika na kimbunga chenyewe.

Mlezi wa Watatu

Muuguzi, Mungu akubariki. Kesho naanza na daktari. Nimeamua hivi: mafuriko au kimbunga cha bahari, tunakwenda kwa ndugu tahadhari ikitoka, kabla ya amri. Gesi, ghorofani tumejifungia. Moto, tunatoka mchana, hatulali tukiusubiri.

Kivuli cha Mwembe

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Baba yangu hataki kuondoka, na sababu ni mbwa wake wawili. Nimebembeleza, nimekasirika, haisaidii.

Nahodha Mstaafu

Usibishane naye kuhusu mbwa, waweke kwenye mpango. Baada ya Katrina, Marekani ilitunga sheria mwaka 2006 ya kuzitaka mamlaka zizingatie wanyama wa nyumbani kwenye mipango ya kuhamisha watu, kwa sababu wengi walikuwa wamegoma kuwaacha. Tafuta mapema nani atawapokea, nunua kamba na vifaa vya kuwafunga mdomo, na mpe baba kazi ya kuwaingiza garini.

Kivuli cha Mwembe

Shukrani mzee wangu. Nina shangazi mwenye uwanja mkubwa, nampigia jioni hii.