Tupeane uzoefu: matakwa ya mzee ya siku za mwisho na kilichoandikwa kwenye faili lake

Wadau mnaofanya kazi au wenye wazazi katika nyumba za wazee huku Marekani, karibuni. Tangu Desemba 1991 sheria inazitaka nyumba hizi zimuulize mzee anapoingia kama ameandika matakwa yake ya matibabu, na jibu liwekwe kwenye faili. Kuuliza wanauliza. Shida huja matakwa yakibadilika.

Naanza mimi, mhudumu wa usiku, Minnesota. Bibi mmoja alirudi kutoka hospitali na fomu mpya ya POLST (karatasi ya maagizo ya matibabu ya kuokoa maisha ambayo mgonjwa anayataka au hayataki) yenye saini ya daktari: moyo ukisimama, asifufuliwe. Kompyuta yetu bado ilisema afufuliwe. Saa nane usiku nani atapekua bahasha ya hospitali? Unatazama skrini, unaanza kukandamiza kifua. Nashukuru nesi aliyempokea aliisoma bahasha yote, akampigia daktari, ikarekebishwa kabla zamu haijaisha.

Nesi: Fomu ya zamani ipigwe mstari na kuandikwa kwamba imefutwa, siku hiyohiyo. Na mkanda wa mkononi unaoonyesha kama mzee afufuliwe au la, je? Nimewahi kukuta skrini sahihi, faili sahihi, mkanda wa zamani.

Binti wa mkazi, Massachusetts: Kwetu iliharibika kwenye kutafsiri. Mama hajui Kiingereza, kaka ndiye alikuwa mdomo wake. Swali la moyo kusimama aliliona uchuro, hakumfikishia mama kabisa, akajibu mwenyewe, "Fanyeni kila kitu." Ikaandikwa hivyo, ikakaa. Baadaye niliomba mkalimani wa Kiswahili. Mama hakusita: "Nataka dawa ya maumivu na padri. Mashine sitaki." Alikuwa amelifikiria siku nyingi, hakuna aliyemuuliza tu.

Nesi: Umefanya vema sana, dada. Mkalimani ni haki yenu, bila malipo, kwa nyumba yoyote inayopokea fedha za serikali kuu. Na maadamu mama ana akili zake timamu, neno lake ndilo linaloandikwa, si la mtoto. Kwenye kikao cha kila miezi mitatu cha mpango wa huduma, omba wafungue skrini na kumsomea mama kilichomo, kifungu kwa kifungu, mkalimani akiwepo. Akirudi kutoka hospitali, rudieni.

Binti wa mkazi, Massachusetts: Asante. Kaka bado ana uchungu, anaona tumemkatia mama tamaa. Kikao kijacho tutamweka kwenye simu, mama amweleze mwenyewe.