MREJESHO: Alappuzha hadi Kumily bila teksi
Wakuu, niliuliza kama naweza kutoka Alappuzha, jimbo la Kerala, India, hadi Kumily kule milimani kwa siku moja, begi mgongoni, bila kukodi teksi. Inawezekana, nimefika salama. Asanteni sana mliosema nianze na boti ya serikali ya kwenda Kottayam: kama masaa mawili na nusu majini, nauli haikufika rupia 50! Ukikaribia Kottayam kuna vidaraja. Mtu wa ukingoni anavuta kamba, daraja linainuka, boti inapita. Nilibaki nimeduwaa. Basi la kutoka Kottayam kupanda Kumily lilichukua masaa manne hivi, madirisha hayana vioo, mashamba ya chai yako hapo hapo chini ya kiwiko. Wanaume, viti vya mbele waachieni akina mama.