Albamu za mwaka 2024 zilizonikaa moyoni na zilizoniangusha

Mwana wa Kisauni

Assalaam aleikum ndugu zangu wapenda muziki.

Nimechelewa kuleta hesabu yangu ya mwaka 2024 kwa sababu nilijiwekea sharti kwamba sitaihukumu albamu yoyote kabla ya kuisikiliza mara tatu, kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka. Sharti hilo limenila bando nyingi, lakini limenisaidia, maana baadhi ya albamu nilizozisifu siku ya kwanza zilinichosha siku ya tatu, na nyingine ziliniingia polepole mpaka zikakaa.

Iliyonikaa kuliko zote ni Maisha ya The Zawose Queens. Hawa ni Pendo na Leah Zawose wa Bagamoyo, binti na mjukuu wa marehemu Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na marimba za Kigogo (ala ya fito za chuma zinazoguswa kwa vidole gumba), aliyefariki mwishoni mwa mwaka 2003. Enzi za mzee, wanawake wa ukoo ule walisimama nyuma wakiitikia na kucheza, na wimbo ukabaki mikononi mwa wanaume. Katika albamu hii wao ndio wanaoshika usukani: wameongoza uimbaji, wamepiga ala, na wameipa nafasi yake ngoma ya muheme, ambayo kwa Wagogo ni ngoma ya wanawake, hupigwa ikiwa imebanwa katikati ya mapaja.

Niliisikiliza kwa mara ya kwanza usiku ambao umeme ulikatika mtaani kwetu. Nilipanda juu sakafuni kutafuta upepo, simu ikiwa na robo ya chaji, nikavaa hedifoni na kulala chali. Marimba ya Kigogo haina mlio mkavu. Kila ufito ukiguswa hufuatwa na mvumo mwembamba kama wa nyuki aliyenasa ndani ya kopo, na mvumo huo hauishi mpaka ufito mwingine umeguswa. Juu yake zikaja sauti mbili, moja ikishika mahadhi chini, nyingine ikiruka ghafla kutoka kifuani hadi utosini na kurudi, bila kupasuka. Waliotayarisha albamu wameongeza mlio mzito wa chini na vionjo vya kompyuta, jambo ambalo kwa kawaida hunitia hofu, lakini hapa wametia kama mpishi mwangalifu anavyotia iliki, ukasikika pasipo kukifunika chakula. Sehemu kubwa imeimbwa kwa Kigogo, lugha nisiyoifahamu, na bado nilirudia tangu mwanzo mpaka chaji ikaisha.

Sasa nije kwenye machungu. Najua nitapingwa, hasa baada ya albamu hiyo kupata tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka mwezi wa Februari 2025, lakini Cowboy Carter ya Beyoncé iliniangusha. Wimbo wake wa kutangulia, ule wenye banjo iliyopigwa na Rhiannon Giddens, ulinifurahisha sana, kwa kuwa banjo ni ala iliyobuniwa na Waafrika waliopelekwa utumwani, wakitumia vibuyu kwa kumbukumbu ya ala za kwao Afrika Magharibi. Nikatarajia albamu nzima iingie ndani ya habari hiyo. Badala yake nilipewa vipande 27 kwa dakika 78, baadhi yake vikiwa mazungumzo mafupi ya wazee wa muziki wa kantri wanaopita kama wageni waliochungulia mlangoni. Kila nilipoanza kuzama, nilitolewa nje.

Born in the Wild ya Tems, mwimbaji wa Nigeria, nayo niliisubiri kwa miaka, kwa sababu kabla yake alikuwa ametoa albamu fupi mbili tu, ya 2020 na ya 2021, na zote mbili nazipenda mpaka leo. Sauti yake haijapungua hata kidogo. Tatizo langu ni kwamba katikati ya zile nyimbo 18 zipo tano au sita zinazofanana kwa mwendo na kwa biti, kiasi kwamba hata mara ya tatu sikuweza kujua moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi.

Nawauliza nyinyi: ipi ilikukaa, na ipi ilikuangusha? Tafadhali msitaje jina na kuondoka. Semeni mlichokisikia.

Bint wa Kibokoni

Waaleikum salaam, kaka. Umeandika vizuri, na kuhusu Maisha sina la kupinga. Kuhusu Cowboy Carter nina mengi, lakini nitangulize yangu.

Albamu yangu ni Night Reign ya Arooj Aftab, mwimbaji wa Kipakistani anayeishi Marekani, iliyotoka mwishoni mwa mwezi wa Mei. Ina nyimbo tisa tu. Anaimba kwa Kiurdu na Kiingereza, kwa sauti ya chini isiyo na haraka, huku kinubi na gitaa vikimfuata kwa mbali kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto. Wimbo mmoja umepewa jina la ua ambalo kwa Kiurdu huitwa malkia wa usiku, kwa kuwa hutoa harufu yake jua likishatua. Mtu wa Mji wa Kale hahitaji kufasiriwa habari hiyo. Nilikuwa barazani na mama jioni, yeye akitunga vikuba kwa ajili ya harusi ya jirani, asumini zikiwa katika sinia lenye maji, nami nimeuweka wimbo huo kwa sauti ndogo. Mama hakuuliza ni nani. Alisimamisha uzi mkononi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu amefunzwa kunyamaza." Sijasikia sifa kubwa kuliko hiyo kwa mwimbaji, na mama ni mtu aliyelelewa na kanda za Juma Bhalo, ambaye alituzoesha sisi watu wa Mombasa kusikia mahadhi ya Kihindi ndani ya mashairi ya Kiswahili.

Sasa kuhusu Beyoncé. Hivyo vipande vifupi unavyovilalamikia, wewe umevihesabu kama nyimbo, na ndiyo maana umeviona vimepungua. Mimi nilivisikia kama bashrafu inavyotangulia katika taarabu, ambapo ala hupigwa kwanza ili sikio litengenezwe kabla ya maneno kuingia. Mmoja wa wazee hao ni Linda Martell, mwanamke Mweusi wa kwanza kuimba peke yake katika Grand Ole Opry, onyesho maarufu la muziki wa kantri Marekani, mwaka 1969, ambaye alitoa albamu moja tu, mwaka 1970, kisha milango ikafungwa. Kumpa nafasi ya kusema, hata kama ni sekunde chache, ndani ya albamu iliyosikilizwa dunia nzima, si kuchungulia mlangoni. Ni kurudishwa sebuleni. Nakuomba uisikilize tena ukiwa na jambo hilo akilini.

Iliyoniangusha mimi ni ya mwimbaji wa hapa hapa Pwani, ambaye jina lake nitalihifadhi kwa kuwa bado namtakia kheri. Alitangaza albamu kwa miezi. Ilipotoka ilikuwa na nyimbo kumi, na saba kati yake tulikwisha kuzisikia moja moja kwa muda wa miaka miwili katika redio na matatu. Nilihisi kama mtu aliyealikwa karamu, akafika na kukuta kiporo alichokila juzi kimepashwa moto. Sauti anayo, na maneno mazuri anayo; kilichokosekana ni kukaa chini na kuifikiria albamu kama kitu kimoja.

Fundi wa Redio, Majengo

Wanangu, mimi si mtu wa kuandika sana, lakini binti wa Kibokoni amegusa jambo ambalo nimelishika kwa mikono yangu.

Nilipokuwa kijana, nilitengeneza redio za kanda, na wapiga taarabu wa Mombasa walikuwa wakirekodiwa na kuuzwa kwa kanda katika maduka kama Mbwana Radio Service. Kanda ya dakika 60 ilikuwa na upande wa kwanza dakika 30 na wa pili dakika 30. Wimbo mmoja wa taarabu ulichukua dakika saba au nane bila wasiwasi, kwa hiyo upande mmoja ulibeba nyimbo nne, na mwenye kikundi alilazimika kufikiri: uanze upi, ufuate upi, na upi uwe wa mwisho kabla msikilizaji hajainuka kugeuza kanda. Ule muda wa kugeuza kanda ulikuwa pumziko. Watu walikunywa kahawa, walizungumzia shairi lililopita, wengine walibishana limemlenga nani. Ukanda wenyewe ndio uliokuwa ukimkataza mwimbaji asijaze.

Leo hakuna ukanda, na hesabu imegeuka. Binti yangu alinieleza, nami nikafuatilia mpaka nikaridhika, kwamba wimbo ukisikilizwa kwa sekunde 30 katika Spotify huhesabiwa kuwa umesikilizwa, na kwamba Marekani, katika kutoa zile tuzo za dhahabu na platinamu, nyimbo za albamu zikisikilizwa mara 1,500 huwa ni sawa na albamu moja kuuzwa. Mwenye nyimbo 30 huifikia hesabu hiyo upesi kuliko mwenye nyimbo tisa, hata kama wasikilizaji wao ni sawa. Ndiyo sababu albamu zimenenepa, wala simlaumu mwimbaji peke yake.

Yangu ya mwaka ni Funeral for Justice ya Mdou Moctar, Mtuareg wa Niger. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa mbao, na nyuzi zake zilikuwa nyaya za breki za baiskeli. Nilipolisikia hilo nilicheka kwa furaha, kwa kuwa nami nimewahi kufunga antena kwa waya huo huo, na najua ulivyo mgumu kwa vidole. Katika albamu hii gitaa linalia kwa hasira, na hasira yenyewe ina sababu, kwa kuwa anaimba juu ya Ufaransa na yale iliyoyaacha katika nchi yake. Spika yangu ya dukani ina karatasi iliyochanika kidogo upande mmoja, na kwa nyimbo nyingi mchaniko huo huniudhi. Kwa albamu hii uliingia ndani kana kwamba ni chombo cha tano. Majirani walivumilia siku mbili, siku ya tatu wakaja kuuliza ni nani huyu.

Iliyoniangusha sina, kwa sababu nisipopendezwa na wimbo wa pili huzima.

Msafiri wa Likoni

Salaam nyote, na heshima kwako mzee wetu wa Majengo. Mimi naleta Heis ya Rema wa Nigeria, iliyotoka mwezi wa Julai. Nyimbo 11, chini ya dakika 28. Naianza nikiwa katika foleni ya feri na huisha kabla sijafika kazini Shimanzi. Baada ya ule wimbo wake wa 2022 uliozunguka dunia kwa upole, angeweza kuurudia mara kumi na watu wangenunua. Yeye ameacha upole wote na kuleta ngoma zinazokimbia na sauti za kupaza, kama watu wanaoingia mtaani kwa pamoja. Abiria aliyesimama karibu nami aliniomba upande mmoja wa hedifoni kwa sababu aliona kichwa changu kikitikisika, na tukavuka hadi ng'ambo tukisikiliza pamoja bila kujuana jina.

Iliyoniangusha ni ya Taylor Swift ya mwezi wa Aprili, nami nampenda tangu shuleni. Nilikesha kuisubiri, nikazisikiliza nyimbo 16, na saa mbili baada ya albamu kutoka zikaongezwa nyingine hadi zikafika 31. Yapo mashairi mazuri mno mle ndani, lakini yamezikwa. Maelezo ya mzee kuhusu mara 1,500 yamenifanya nielewe.

Kwa upande wa Bongo, nawashauri mtafute The God Son ya Marioo, iliyotoka mwishoni mwa Novemba. Bado naisikiliza, kwa hiyo sitasema zaidi.

Mwana wa Kisauni

Nawashukuru sana.

Bint wa Kibokoni, nimetimiza ombi lako jana usiku. Niliketi na Cowboy Carter kwa mara ya nne, na safari hii sikutazama simu kujua nimefikia kipande cha ngapi. Linda Martell aliponena, nilisimamisha muziki na kuitafuta albamu yake ya 1970, nikaisikiliza yote kabla sijarudi kwa Beyoncé. Nakiri kwamba neno langu la kuchungulia mlangoni halikuwa la haki kwake, nami nalifuta. Hata hivyo bado naona theluthi ya mwisho ya albamu imesukumwa kwa haraka, na kwamba banjo ile niliyoipenda inaachwa mapema mno. Kwa hiyo imetoka katika orodha ya zilizoniangusha, lakini haijaingia katika zile zilizonikaa. Night Reign nimeisikiliza mara mbili. Nangoja ya tatu, na nitaisikiliza jioni kama mlivyofanya nyinyi.

Ndugu wa Likoni, Heis niliiacha mwezi wa Julai baada ya nyimbo tatu, kinyume cha sharti langu, kwa kuwa kelele ilinishinda. Nitairudia nikiwa safarini, maana huenda nyumbani si mahali pake.

Mzee wangu wa Majengo, nitapita dukani kwako Jumamosi na Maisha katika flashi, nikuombe uipige kwa spika ile ile yenye mchaniko. Nataka kusikia mvumo wa marimba utafanya nini hapo. Na ikiwa kuna yeyote humu mwenye jamaa wa Dodoma anayejua Kigogo, tafadhali ajitokeze, kwa sababu miezi yote hii nimekuwa nikiziimba nyimbo zile kwa mdomo tu, nami ningependa sasa kujua ninasema nini.