MREJESHO: Ile ofa ya kazi ambayo machale yalinicheza

Wakuu habari zenu. Nilileta uzi hapa kuomba ushauri, nimepata ofa ya kazi, mshahara mzuri na cheo juu, ila moyo unagoma na sijui kwa nini.

Wengi mlisema ni woga tu, nenda kapige kazi. Ila kuna mdau alinitajia Daniel Kahneman na Gary Klein, wanasaikolojia waliokuwa wanapingana kuhusu hizi hisia, mwaka 2009 wakaandika pamoja kwamba machale ni ya kuaminika pale tu mambo yana mpangilio unaojirudia na wewe umepata muda wa kuujifunza, tena ukiwa unaona matokeo. Hiyo ndo ilinifungua akili.

Nikajiuliza, machale yangu yanaongelea nini hasa? Kama ni kampuni itakua au itakufa, hapo sina ujuzi wowote, ni kubahatisha tu. Lakini tabia za mabosi nazijua, nimefanya kazi chini ya mabosi miaka. Nikakumbuka kwenye intavyuu niliuliza aliyekuwa kwenye nafasi hii ameenda wapi, bosi aliyenihoji akakwepa swali, akashika simu, akaanza kusifia ofisi mpya!

Basi nikaomba kuongea na mtu wa timu hiyo kabla ya kusaini. Wakaniambia haiwezekani, saini kwanza leo leo. Leo leo kweli?

Nimekataa. Nasikia wameshampata mwingine, labda anakula maisha huko, sijui. Mimi nalala vizuri na bado natafuta, mwenye koneksheni anistue.