Msaada: mizani ya Kibaigwa inaganda kila mchana, nihamie UDP?

MtuWaMizani: Wakuu habari za jioni. Natunza kompyuta ya mizani ya mahindi hapa Kibaigwa. Gari likipimwa, uzito unatumwa kwa TCP (utaratibu wa kutuma data unaounganisha kwanza na kuthibitisha kilichofika) kwenye seva yetu Dodoma mjini. Asubuhi safi kabisa. Mchana inaganda: skrini inadai imeunganishwa, uzito haufiki, dereva anakaa karibu robo saa bila risiti. Nihamie UDP, ile inayotuma bila kuunganisha wala kuthibitisha?

ZabibuHombolo: Hamia zabibu mkuu, hazina seva. Pole lakini.

MzeeWaNyaya: Enzi zetu ilikuwa X.25, kiwango cha mitandao ya data cha 1976. Unaomba njia kwanza, kila swichi inaiandika, ndipo pakiti, yaani vipande vya data, zinapita kwa mpangilio. Njia ikifa, mtandao wenyewe unakuarifu. Vijana mmekimbilia rahisi, sasa mnalia.

BintiMakulu: Shikamoo mzee, ila yeye yuko kwenye TCP. Huku ruta za njiani hazihitaji kuujua muunganisho. Ncha mbili zinapeana salamu tatu, SYN (naomba), SYN-ACK (nimekubali) na ACK (sawa), kisha kila moja inatunza hesabu zake za kilichotumwa na kilichofika. Mleta mada, unatumia mtandao gani?

MtuWaMizani: Wa kawaida tu.

BintiMakulu: Wa kawaida upi? Waya au laini ya simu?

MtuWaMizani: Modemu ya laini ya simu. Lakini asubuhi inapiga kazi, kwa hiyo laini haina shida.

BintiMakulu: Na mchana magari hupungua?

MtuWaMizani: Hupungua, ndiyo.

BintiMakulu: Basi ni ukimya. Mitandao ya simu mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, na kifaa cha NAT, kinachowashirikisha anwani hiyo, kinatunza jedwali la nani anaongea na nani. Ukinyamaza sana unafutwa, na huambiwi. Linux (mfumo endeshi wa kompyuta) haiulizi kama mwenzako yupo mpaka ukimya ufike sekunde 7200, tena programu iwe imeomba SO_KEEPALIVE, yaani ukaguzi huo wa kama mwenzako yupo. Iombe, halafu shusha muda huo uwe dakika moja hivi. Kwa UDP, NAT kwa kawaida husahau mapema zaidi, na kazi ya kuthibitisha na kutuma upya utaiandika mwenyewe.

MtuWaMizani: Lakini UDP haina muunganisho, kitakatika nini? Halafu fundi nimeshampa advansi.

KiguuNaNjia: Umeshalipa ndiyo unaomba ushauri? Ndugu zangu, pesa ya fundi hutoka baada ya kazi.

Shahidi255: Hii chai. Swali limenyooka mno, ni kazi ya darasa. Mnamfanyia mwanachuo.

ZabibuHombolo: Hata mimi nimeanza kunusa.

MtuWaMizani: Mimi si mwanachuo. Hii nilinakili leo ilipoganda: mizani inaonyesha ESTAB (imeunganishwa), Send-Q (foleni ya kutuma) 412. Seva nayo ESTAB, foleni za kupokea na kutuma 0 na 0.

BintiMakulu: Shahidi, tazama hapo. Baiti 412 zimekwama bila kuthibitishwa, seva haina habari, na pande zote zinaamini ziko pamoja. Linux kwa mpangilio wake wa kawaida hurudia kutuma mara 15 kabla ya kukata tamaa, ambayo ni takriban robo saa. Ndiyo robo saa ya yule dereva. Mleta mada, fundi abaki, mbadilishie kazi: keepalive, kuunganisha upya, na kila risiti iwe na namba ili seva isiandike gari moja mara mbili.

MtuWaMizani: Na UDP aliyokwisha kuianza?

BintiMakulu: Aiache.

Shahidi255: Tuma picha ya mizani.